Tabita Anaandika

Jumapili, 18 Novemba 2012
Tumerudi Tunduma leo alasiri, mimi Gwakisa na mke wangu Tabita, baada ya majuma saba Dar es Salaam. Mvua ya kwanza tumeikuta Mbozi, imetufuata mpaka hapa. Nesi aliniagiza niandike kila siku: amekula nini, amelalaje, shingo ikoje. Nimechukua daftari dukani kwangu.

Amekula: uji nusu kikombe. Shingo: kidonda kimefunga vizuri. Tundu liko chini ya koo, na ndani yake kuna kibomba anachopumulia. Sauti hakuna, na daktari alisema haitarudi. Saratani ilikuwa kwenye koromeo, wameliondoa lote.

Jumanne, 20 Novemba
Uji, parachichi. Mvua.

Alhamisi, 22 Novemba
Mama mkwe amefika kutoka Ihanda na gunia la maharage mabichi. Anaitwa Marita, mimi namwita mama. Miaka sita hajakanyaga hapa. Aliingia chumbani, akasimama, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Tabita akachukua karatasi akaandika, akampa. Mama aliishika ile karatasi, akaigeuza, akamrudishia taratibu kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Mama hajui kusoma. Tabita alikuwa amesahau. Mimi pia.

Ijumaa, 23 Novemba
Niandike kisa chao, maana bila hicho hakuna atakayeelewa hali ya nyumba hii.

Mwaka 2006 baba yake Tabita aliugua Ihanda wiki tatu akafariki. Tabita alikuwa na mimba ya miezi sita, daktari amemwamuru alale kitandani. Mama akakataza mtu yeyote kutupigia simu. Tulipopata habari tulikuta jeneza. Pale kaburini, mbele ya ukoo mzima, Tabita alisema kwa sauti, na alikuwa na sauti kweli: "Kuanzia leo mimi sina mama." Mimba yenyewe ilitoka mwezi uliofuata. Tangu siku ile hawajasemezana. Binti yetu Angel alikuwa akienda kwa bibi yake peke yake likizo.

Sasa wako chumba kimoja, mmoja hawezi kusema, mwingine hawezi kusoma.

Jumatatu, 26 Novemba
Nimemfungia Tabita programu ya kuchati kwenye laptopu. Nyumba iko nyuma ya duka, kwa hiyo nimeiunganisha na kompyuta zangu za dukani, intaneti hata ikikatika tunaongea. Mimi niko mbele nafanya fotokopi, yeye yuko kitandani. Chini ya kioo yanatokea maneno "Tabita anaandika", kisha ujumbe wake unaingia. Wa kwanza ulikuwa: "Umevaa shati la juzi."

Jumapili, 2 Desemba
Leo nusura nimpoteze.

Duka lilijaa wanafunzi wa chuo wanaotaka kurudufu vitabu. Mashine ilikuwa inapiga kelele, mvua inapiga bati. Mama alikuwa sokoni. Nilipogeuka kutazama kioo nikakuta jumbe nne. "Njoo." "Gwakisa." "Kibomba kimeziba." Wa mwisho ulikuwa herufi tu, bila neno.

Nilimkuta ameanguka kati ya kitanda na ukuta, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau. Nilivuta kibomba cha ndani kama nesi alivyonifundisha, likatoka donge gumu la makohozi, akavuta pumzi kwa mlio ambao sitausahau. Nilikaa naye sakafuni mpaka wateja wakaondoka wenyewe.

Ujumbe wa kwanza uliingia dakika sita kabla sijautazama.

Baadaye aliandika: "Usilie. Tafuta dawa ya hii." Nikamuuliza dawa gani. "Kompyuta yako ipige kelele kama mimi."

Jumatano, 5 Desemba
Nimevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kumwona Ayoub, fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa waya. Nilimweleza.

"Mukwai, hiyo si kazi ya programu mpya," alisema, akiniita bwana kwa Kibemba. "Hiyo ni plagini."

Plagini ni kipande kidogo cha programu, hakijiwezi chenyewe, kinapachikwa juu ya programu nyingine kuiongezea uwezo. Ayoub alikuwa na moja iliyoweza kusoma ujumbe kwa sauti kila unapoingia. Ilikuwa inasoma Kiingereza. Akatafuta mpaka akapata lugha yetu ndani yake.

"Itasema Kiswahili," akaniambia, "lakini usitegemee kitu kizuri. Na sauti ni ya mwanaume."

Jumamosi, 8 Desemba
Imefanya kazi. Nimeweka spika mbili dukani na moja sebuleni. Tabita aliandika "Hodi," na duka zima likasikia hodi kwa sauti ya mzee aliyezibwa pua akiwa ndani ya pipa. Angel, aliyefika jana kutoka shuleni, alicheka mpaka akakaa chini. Tabita naye alicheka kwa namna anavyocheka sasa, mabega tu yanatikisika. Kisha nikaona machozi.

Akaandika, na mzee wa kwenye pipa akasema: "Kwa hiyo huyu ndiye mimi."

Jumatatu, 10 Desemba
Tumeongeza namba. Akibonyeza 1, sauti inasema "njoo". 2, "maji". 3, "sipumui", na hiyo inarudiwa mara tano kwa nguvu.

Alhamisi, 13 Desemba
Sauti inakosea maneno. "Ng'ombe" inasema kama kitu kilichovunjika. Nimefungua faili la plagini na kuanza kuorodhesha masahihisho: neno likiandikwa hivi, litamkwe vile. Yamefika arobaini. Nafurahia kazi hii. Neno likikosewa nalirekebisha, na kesho linatamkwa sawasawa.

Jumamosi, 15 Desemba
Tabita kafurahi leo. Kabla hajaugua alikuwa karani wa kutoa mizigo forodhani, miaka kumi na moja akiwaita madereva wa malori kwa Kiswahili na Kibemba. Leo ameketi mlangoni mwa duka na laptopu mapajani. Kijana kazidisha muda kwenye kompyuta, spika ikamwambia: "Wewe wa shati jekundu, dakika zako zimekwisha, na picha unazotazama nimeziona." Alitoka mbio akaacha kofia.

Jumapili, 16 Desemba
Mama hamjibu mzee wa kwenye pipa.

Leo tulikuwa sebuleni, Tabita akaandika: "Mama, chai ina sukari?" Mama alishtuka akatazama spika, kisha mlango.

"Nani huyo?"

"Ni Tabita, mama," nikasema.

"Huyo si Tabita." Akanyanyuka na kikombe chake akaenda jikoni.

Nimekasirika, nakiri. Mwezi mzima nimehangaika, na yeye anashindwa hata kujibu swali la sukari. Mama huyu moyo wake mgumu, ndivyo nilivyomwona siku zote.

Jumanne, 25 Desemba
Krismasi. Wali, kuku. Tabita supu tu. Kwaya ya kanisani imekuja kumwimbia, sebule imejaa. Aliongoza sauti ya kwanza miaka minane. Walipoanza aligeukia ukutani.

Ijumaa, 4 Januari 2013
Mvua siku nne mfululizo. Malori yamezama tope njia ya Chapwa.

Jumatatu, 7 Januari
Angel amerudi shule. Aliagana na mama yake kwa kuchati, ingawa walikuwa wamekaa kitanda kimoja, kwa maandishi, spika nimezima. Sijasoma walichoandikiana.

Ijumaa, 11 Januari
Uvimbe mdogo upande wa kushoto wa shingo. Nimeushika. Mgumu kama punje ya kahawa.

Jumatatu, 14 Januari
Hospitali. Daktari hakuzunguka. Ugonjwa umerudi. Akasema kuanzia sasa tutatibu maumivu. Njiani kurudi Tabita alinishika mkono wakati wote na alikuwa anatazama nje, mashamba ya mahindi yamestawi kweli mwaka huu.

Jumatano, 16 Januari
Tulichati leo tangu asubuhi, mimi dukani, yeye kitandani. Nanakili hapa kwa sababu nataka kukumbuka.

Yeye: Nataka kumwomba mama msamaha.
Mimi: Mwite sasa hivi, yuko jikoni.
Yeye: Kwa sauti ipi?
Mimi: Niandikie, mimi nitamwambia.
Yeye: Nilimkana kwa mdomo wangu mbele za watu. Siwezi kuomba msamaha kwa mdomo wako.
Mimi: Basi mpigie magoti tu. Ataelewa.
Yeye: Nikipiga magoti ataona mgonjwa aliyeishiwa nguvu. Nataka asikie maneno. Nataka ajue kwa nini nilisema vile na kwa nini nilikosa.

Nikamwambia nitaitengeneza sauti ifanane na ya mwanamke. "Tabita anaandika" ilionekana, ikapotea, ikaonekana tena. Mwishowe: "Jaribu."

Jumapili, 20 Januari
Mama ameondoka kwenda Ihanda kupalilia. Alisema mahindi yamezidiwa na majani. Mlangoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba Angel, nyumba yenye mtu anayesema nisiyemwona siiwezi. Mwanangu akinihitaji, mimi nipo." Nilimjibu kwa heshima inayotakiwa kwa mkwe, lakini moyoni nilisema nenda basi.

Ijumaa, 25 Januari
Nimepandisha sauti juu. Sasa ni mzee huyohuyo aliyebanwa na mlango.

Jumanne, 29 Januari
Nakonde tena. Ayoub anasema tukiwa na sauti ya zamani ya Tabita tunaweza kukata neno mojamoja, plagini ikacheza hayo badala ya mzee. Nimetafuta kila mahali. Simu yake ya zamani iliibwa Dar. Kwaya ina kanda, lakini zote ni za kuimba, na sauti zimechanganyika. Kwenye video ya harusi ya dada mmoja wa kanisani anasikika akisema, "Sogezeni viti." Basi.

Jumamosi, 2 Februari
Masahihisho 212. Leo nimerekebisha "nisamehe". Ilikuwa inakaza silabi ya kwanza. Sasa inatamkwa vizuri.

Jumanne, 5 Februari
Amekula kijiko kimoja cha mtindi. Dawa ya maumivu mara nne.

Ijumaa, 8 Februari
Namba 3 ilisikika saa nne asubuhi. Nilikimbia, nikawahi. Bila ile plagini ningekuwa naandika mengine hapa.

Jumapili, 10 Februari
Nimechoka lakini lazima niandike hili leo.

Asubuhi Tabita aliniita. Alikuwa ameshaandika ujumbe, anataka nimpigie mama simu, nisogeze simu kwenye spika, yeye atabonyeza. Nikasema ngoja nimweleze mama kwanza. Akanyanyua kiganja: hapana. Akaandika, "Ukianza wewe, ni wewe uliyempigia."

Nilipaswa kukataa. Nilipiga.

Mama alipokea. Nyuma yake nasikia mvua na mbuzi. "Haloo?"

Tabita akabonyeza. Mzee wa kwenye pipa akaanza: "Mama, ni mimi Tabita. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho."

"Nani?" mama akasema. "Wewe nani?"

Plagini haijui kusubiri. Haina masikio. Iliendelea kusoma palepale juu ya sauti yake: "Siku tuliyomzika baba nilisema neno baya. Nilikuwa na uchungu kwamba sikumuaga."

"Mwanangu mgonjwa!" mama akapaza sauti. "Mwanangu hasemi! Na wewe unajifanya yeye? Tapeli mkubwa! Mnataka nini tena kwangu, mliniibia mwaka jana haijawatosha?"

"Ulinificha kwa sababu ulinipenda. Nimelijua hilo nilipompoteza mtoto," ikasema sauti.

Simu ikakatika. Sauti ikamalizia peke yake chumbani: "Nisamehe, mama." Silabi zote zilikuwa mahali pake.

Nilipiga tena mara saba. Mama alikuwa amezima simu.

Tabita alifunga laptopu. Nikamwambia nakwenda Ihanda sasa hivi nikamweleze. Alitikisa kichwa. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kiganja chake mwenyewe, akanionyesha: Usiende.

Jumatatu, 11 Februari
Hajafungua laptopu.

Alhamisi, 14 Februari
Hajafungua. Nimemwekea kengele ya baiskeli pembeni ya mto.

Jumatano, 20 Februari
Mvua. Dawa mara sita.

Jumapili, 24 Februari
Nimekaa naye siku nzima, duka nimefunga. Nimegundua nikimtazama midomo kwa utulivu naelewa karibu nusu ya anachosema. Majuma yote haya nilikuwa dukani namtengenezea sauti, na nilikuwa na macho. Leo aliniambia kwa midomo kwamba nimekonda. Nilielewa mara ya kwanza.

Jumamosi, 2 Machi
Hawezi kukaa bila kuegemezwa. Vidole vimevimba.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda Ihanda bila ruhusa yake. Jirani yetu Jenista, ambaye ni nesi mstaafu, alibaki naye.

Kutoka barabara kuu hadi kwa mama njia imekatika, nilitembea saa nzima kwenye utelezi. Nilimkuta kwenye kahawa yake, anapalilia chini ya mibuni, gunia la nailoni kichwani. Aliponiona aliangusha jembe.

"Amekufa?"

"Hapana, mama. Lakini twende."

Akashika njia palepale. Nikamzuia, maana nilitaka ajue kabla ya kufika. Nikamwambia, "Mama, mwezi uliopita ulipigiwa simu na mwanaume aliyejiita Tabita."

"Tapeli," akasema. "Nikamtukana."

"Hakuwa tapeli, mama. Ilikuwa ile mashine yangu. Tabita alikuwa ameshika laptopu, mimi nimeshika simu."

Aliketi palepale kwenye majani yenye maji, mtu wa miaka karibu sabini, akaweka mikono yake yenye udongo juu ya kichwa. Nilisimama mbali kidogo. Halafu akauliza, "Alinisikia nikimtukana?"

"Alisikia."

"Nilidhani wanamdhihaki mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nilikasirika vile. Niliona mtu amejua kwamba mwanangu hana sauti, akaichukua."

Wakati huo niliona jinsi nilivyomkosea kwa miaka yote. Tulifika Tunduma jioni, bado ana udongo miguuni.

Jumatano, 6 Machi
Mama alilala sakafuni kando ya kitanda. Asubuhi aliniita.

"Baba Angel, yale maneno bado yapo?"

Programu ya kuchati inahifadhi kila ujumbe. Nilimtazama Tabita. Alifumba macho, akafumbua, nami nikaelewa ni ndiyo. Nikafungua laptopu, nikatafuta tarehe kumi Februari.

Mama akavuta kigoda, hakukigeuzia spika, alikigeuzia kitanda. Akaushika uso wa Tabita kwa viganja vyote viwili. "Haya," akasema.

Mzee wa kwenye pipa akasoma yote tangu mwanzo mpaka "Nisamehe, mama." Mama hakuiangalia spika hata mara moja. Aliangalia midomo ya Tabita, ambayo ilikuwa inacheza pamoja na maneno, neno kwa neno, kwa sababu Tabita aliyajua kwa moyo.

Kisha mama akaanza kusema kwa Kinyiha, lugha ya kwao. Mimi ni Mndali wa Ikinga. Kinyiha nadaka neno hapa na pale, na alikuwa anasema taratibu na kwa chini. Nilisikia "baba". Nilisikia jina la Tabita la utotoni. Tabita alifungua macho wazi, akamtazama kama mtu aliyeambiwa jambo geni kabisa, halafu mwili wake wote ukalegea. Niliogopa, nikasogea. Alikuwa anapumua. Alikuwa analia tu.

Nilitoka nikaenda kukaa dukani.

Alhamisi, 7 Machi
Uji vijiko vitatu, mama ndiye aliyemlisha.

Jumamosi, 9 Machi
Angel amefika.

Jumatatu, 11 Machi
Mke wangu Tabita amefariki leo saa tatu asubuhi. Mama alikuwa upande mmoja, Angel na mimi upande mwingine. Mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi, 14 Machi
Tumemzika Chapwa jana. Walichimba kaburi mara mbili, la kwanza lilijaa maji. Kwaya iliimba. Ayoub alivuka mpaka akaja, akasimama nyuma na miwani yake ya waya.

Jumapili, 31 Machi
Pasaka. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 9 Aprili
Nimefungua duka. Nimeifuta plagini kwenye kompyuta zote, kisha nikaogopa, nikairudisha kwenye moja.

Jumapili, 21 Aprili
Wiki nzima hakuna mvua. Mama amekuja kutoka Ihanda kunitazama. Tulikaa uani, nikamchemshia maji ya chai mwenyewe. Nilikuwa nimejiapiza nisimuulize, lakini nilishindwa.

"Mama, samahani. Siku ile ulimwambia nini Tabita kwa Kinyiha?"

Alipuliza chai yake kwanza.

"Nilimwambia sikumsikia," akasema.

"Hukumsikia lini?"

"Kaburini kwa baba yake. Nilimwambia, mwanangu, siku ile nilikuwa nalia, masikio yameziba, sikusikia ulichosema. Watu walinisimulia, sikuwaamini. Nilikaa mbali kwa sababu niliona aibu kukuficha ugonjwa wa baba yako. Huna la kuombea msamaha, hukunikana, mimi sikusikia."

Nikaweka kikombe changu chini.

Siku ile ya 2006 nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, mbali kidogo kama mkwe anavyotakiwa. Tabita alipotamka lile neno niliona mtandio wa mama ukianguka mabegani, na hakuuokota. Niliona shingo yake ikigeuka taratibu kumtazama mwanawe. Alisikia. Alisikia kila silabi, na alikaa nayo miaka sita.

Mama alinitazama. Anajua nilikuwepo. Anajua nilisimama wapi.

"Chai yako ina sukari kidogo," akasema. Nikamletea kopo. Akaweka vijiko viwili, akakoroga kwa muda mrefu, kisha akauliza Angel anafunga shule lini, maana kahawa ya kwanza itakuwa imeiva mwezi wa sita na anataka aje amsaidie kuchuma.

"Tarehe saba, mama," nikasema. "Nitamleta mwenyewe."

"Ulale hukohuko," akasema. "Usiwe unageuza palepale."

Nikamwambia nitalala.